Kiti Kilichopimwa kwa Maharagwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mzee mmoja aliambiwa mbele ya watu ashuke kutoka kitini, naye hakuweza kushuka. Kiti hicho nilikuwa nimekitengeneza mimi. Jina la mzee sitakutajia, na si kwamba nimelisahau. Alikuwa baba mkwe wangu, na kwetu mke hataji jina la baba wa mumewe, awe hai au awe kaburini. Nimezeeka sasa, meno yamenikimbia, lakini ulimi bado unaliogopa jina lile. Basi nitamwita Mzee wetu.

Hayo yalikuwa Masisi, huku kwetu Kongo, miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Mimi nilizaliwa chini, Walikale, msituni, nikaja kuolewa huku juu kwenye vilima vya ng'ombe na maharagwe. Walinicheka sana. Walisema watu wa msituni hawajui baridi, na kweli sikuijua. Mwaka ule wa kwanza nilililia baridi kuliko nilivyomlilia mama yangu. Lakini sikuja mikono mitupu. Baba yangu alikuwa msukaji wa kekele, ule mmea mrefu wa msituni wenye miiba, ambao ukiumenya unapata fimbo laini inayokunjika bila kuvunjika. Wengine huuita henzirani. Nilijua kusuka kabla sijajua kupika, na mume wangu Bahati, Mungu amrehemu, hakuacha kuwaambia watu kwamba ilionekana kwenye chakula.

Sasa, Mzee wetu alikuwa mtu wa barza. Barza ndipo wazee walipokaa kuamua mambo ya kilima chetu: ng'ombe ameingia shamba la mtu, mke amerudi kwao, kijito kimegeuzwa njia. Penye wazee haliharibiki neno, na neno lake lilikuwa na uzito. Lakini barza ilikuwa na adabu zake. Anayesema husema ameketi. Anayesimama ni yule aliyeshtakiwa. Na hakuna kichwa kinachokaa juu ya kichwa cha mkubwa wa barza, ambaye siku zile alikuwa Muzee Bauma. Ndiyo maana viti vyao vyote vilikuwa vifupi, vya mti mmoja uliochongwa, na magoti yakifika karibu na kidevu.

Msimu mmoja wa mvua Mzee wetu aliteleza akimfuata ng'ombe mtelemkoni, nyonga ikavunjika. Mponyaji wa mifupa alijitahidi, lakini mfupa ulishika vibaya. Akishakaa chini hakuumia. Kilichomuumiza ni kushuka na kuinuka. Vijana walitaka kumbeba mpaka barza, wamshushe kwenye kiti chake na kumwinua baadaye, naye akakataa katakata. Angewezaje kuinuliwa kama mtoto mchanga mbele ya watu aliowaamua? Akabaki nyumbani. Na mzee asiyefika barza, pole pole watu huzoea kuamua bila yeye. Tulianza kuliona hilo, naye aliliona kabla yetu.

Kwenye kilima cha jirani kulikuwa na nyumba ya muzungu wa ng'ombe, aliyeondoka uhuru ulipokuja. Aliacha kiti kwenye veranda. Jumapili moja baada ya misa Bahati alinipeleka nikakione, maana kilikuwa maarufu. Watu walikiita kiti cha mlevi. Kilikuwa cha bomba la chuma lililokunjwa: limelala sakafuni, likapanda mbele, likajikunja kuwa pa kukalia, likapanda tena kuwa mgongo. Nyuma hakikuwa na mguu hata mmoja. Nilikizunguka nikitafuta kilichokizuia kisianguke.

"Ikala tu, mama," mlinzi wa nyumba akaniambia. "Haianguke."

Nilikaa. Kikashuka nami kidogo. Nilipoinuka kikanisukuma kwa chini, taratibu, kama mama anayemsukuma mtoto aende shule. Nikakaa tena, nikainuka tena, mpaka Bahati akaona aibu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Kiti kilicho juu mtu anapokuja, kinachoshuka naye anapokaa, na kumsaidia anapotaka kuinuka. Chuma sikuwa nacho, lakini kekele nayo inakunjika, nayo inakumbuka ilivyokuwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyojiambia, na nilijipenda sana siku ile.

Kaka yangu aliniletea mafungu ya kekele nene kutoka Walikale. Nilizilainisha juu ya mvuke wa sufuria, nikazikunja kuzunguka vigingi, nikazikandamiza kwa mawe mpaka zikakauka. Nilifunga fimbo nyingi pamoja pale mbele penye mkunjo, maana hapo ndipo uzito wote unapobebwa: fimbo zikiwa nyingi kiti kinakuwa kigumu, zikipungua kinalegea. Nikaweka mikono mirefu ya kushikilia. Kila jioni Bahati alikaa akakijaribu, nami nikaongeza na kupunguza, hadi alipokaa akashuka sawasawa na kiti kifupi cha barza.

Siku ya barza Mzee wetu, aliyekubali neno la mwanawe bila kukijaribu kiti, alikwenda kwa fimbo yake, Bahati nyuma na kile kiti kichwani. Sisi wanawake tulisimama kando, kwenye migomba. Mzee wetu akashika mikono ya kiti, akakaa bila kusaidiwa. Nikatabasamu. Kisha nikangoja kiti kishuke, na hakikushuka.

Bahati alikuwa mtu wa viazi na sombe, mwenye shingo ya fahali. Baba yake alikuwa amebaki mifupa. Kiti kilimwona mwepesi, kikakaa palepale, na kichwa chake kikawa juu ya vichwa vyote, juu ya Muzee Bauma mwenyewe.

Muzee Bauma hakukasirika. Alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kuvua kofia kanisani. "Ndugu yangu, shuka."

Mzee wetu alijikandamiza chini kwa mikono yote miwili. Kiti kikashuka kidogo, kikamrudisha juu. Akajaribu tena, kikamrudisha tena. Vijana wakacheka, wakaziba midomo. Basi akasimama. Na alipokwisha kusimama alikuwa amesimama mbele ya barza, kama mtu aliyeshtakiwa. Kila mtu aliliona hilo. Akageuka, akarudi nyumbani polepole, nasi tukamfuata kwa mbali.

Nilimsikia nikiwa jikoni, akimwambia Bahati, "Musinirudishe kule. Fasi yangu mupatie mwengine." Siku zilizofuata alikataa hata kutolewa nje kuota jua.

Nilichukua panga nikikate kile kiti kiwe kuni. Mama mkwe wangu alinikuta nimeinua mkono.

"Unakata sababu gani?"

"Kiti hii ilimupatisha Papa haya, mama."

"Ulipimia nani?"

"Bahati."

"Bahati njo iko mugonjwa?"

Nikashusha mkono. Akachukua panga mkononi mwangu, akaliweka chini.

"Tangu Papa yako alianguka, ulimuangalia hata siku moja?"

"Mama, ni mukwe. Nitamuangalia namna gani?"

Kweli, mwanangu, nisingeweza. Mke hamtazami baba mkwe usoni, hapiti mbele yake, hagusi kiti chake. Akifagia, hukizunguka. Nilikuwa nimekaa ua mmoja na mtu yule, nikala kwenye shamba lake, na sikujua kwamba amekonda. Nguo ya kuazima haisitiri matako, nami nilikuwa nimemvisha baba mwili wa mwanawe.

"Ile haya ni muzuri," mama mkwe akasema. "Nami nilikuwa nayo, na mama yangu pia. Lakini haya ya macho isipande mpaka ku kichwa. Kama huwezi kumuangalia, uniulize miye. Miye niko namubeba kila asubuyi."

Akaleta kitunga kikubwa, akamimina maharagwe mpaka juu. Akainama, akakikumbatia kama alivyozoea kumwinua mumewe kitandani. Akatikisa kichwa, akapunguza. Akainua tena, akapunguza tena. Alifanya hivyo akiwa amefumba macho, kila mara maharagwe yakirudi kwenye gunia. Nilitaka kumwambia inatosha, haiwezekani mtu mzima awe mwepesi namna ile. Kisha akainua na hakukiweka chini. Alibaki amekikumbatia.

"Njo huyu," akasema.

Halafu akakaa chini na kitunga mapajani, akalia. Kila siku alimbeba, lakini hakuwa amewahi kuona ni kiasi gani kilichopungua. Sasa alikiona ndani ya gunia. Alipotulia akanipa kitunga nami nikishike, nikakipokea kwa mikono miwili. Sikuwahi kumgusa baba mkwe wangu maisha yangu yote, lakini siku ile nilimbeba, na nilimhurumia kwa namna ambayo sikuwa nimemhurumia tangu alipoanguka.

Tukafungua mafundo ya mbele. Nilitoa fimbo moja, tukaweka kitunga kitini, tukatazama. Nikatoa nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tuliinama hadi migongo ikalalamika, mpaka kitunga kikashuka taratibu kikasimama usawa wa kiti cha barza. Bahati alipotoka shambani akakaa kama alivyozoea, na matako yake yakakaribia kugusa udongo.

"Munanikataza kiti miye?" akauliza.

"Weye uko na miguu," mama yake akamjibu.

Asubuhi mama mkwe alikiweka kiti uani penye jua, akaenda zake. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nikichambua majani ya sombe. Nilisikia fimbo ya Mzee wetu ikigonga, ikasimama. Kisha nikasikia kekele ikilia kidogo, kama inavyolia inapobeba. Ikalia tena alipoinuka. Nikadhani ameondoka. Ikalia tena: amekaa. Aliinuka na kukaa, akainuka na kukaa, peke yake uani, mzee mwenye wajukuu. Kisha nikamsikia akiuliza, bila kumwita mtu yeyote, "Barza iko siku gani?"

Siku hiyo migomba ilijaa wanawake, maana maneno hayana mlango. Mzee wetu akashika mikono ya kiti, akakaa. Kiti kikashuka naye, polepole, hata nikaogopa kitapita, kisha kikasimama. Muzee Bauma alipeleka macho kutoka kichwa hadi kichwa, kama anayetazama kama ukuta umenyooka. Hakukisifu kiti wala hakukilaumu.

"Ile neno ya kijito," akasema, "tuliacha fasi gani?"

Mmoja akamkumbusha walipofika.

"Basi tungoje. Ndugu yangu hayasema bado."

Mzee wetu akasafisha koo, akasema akiwa ameketi. Aliyoyasema kuhusu kijito siyakumbuki hata moja, kwa sababu nilikuwa nalia. Barza ilipokwisha, kijana mmoja alimkimbilia amwinue, akamkuta amekwisha kusimama.

Na usidhani ilikwisha hapo. Wazee wengine nao walikuwa na nyonga na magoti yanayouma, ila walinyamaza. Baada ya mavuno wake zao wakaanza kuja kwangu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kitunga cha maharagwe kichwani. Aliweka kitunga chini akasema, "Huyu njo wangu." Hata mke wa Muzee Bauma alikuja, tena na msaidizi wa kushika upande wa pili, tukacheka hadi tukashika mbavu. Mzee wetu hakuniambia neno, adabu haikumruhusu, lakini alimtuma mkewe aniambie kwamba kiti kile kiko na akili. Aliketi barza miaka mingi baada ya hapo.

Mwanangu, nasikia wewe nawe unatengeneza viti huko mjini, na kwamba unavichora kwanza kwenye mashine, viti vya namna ambayo hakuna aliyewahi kuona. Nimefurahi. Usimsikilize anayekuambia kwamba jambo jipya linawavunjia wazee heshima. Mimi nilichukua kiti cha muzungu, kekele ya Walikale na desturi ya Masisi, nikavifunga pamoja, na havikugombana. Vilichokuwa vimekosa ni mtu wa kukaa katikati yake.

Ninalokuusia ni hili. Kabla hujauliza kiti kitakuwaje, uliza ni nani atakikalia. Usikipime kwa mtu aliye karibu nawe kwa sababu tu yuko karibu, wala kwa mwili wako mwenyewe kwa sababu ni mzima. Na pale heshima, au woga, au umbali utakapokukataza kumtazama mtu, mtafute anayembeba kila siku umuulize. Kuuliza si ujinga. Tena, kazi ikikuaibisha mbele za watu, usikimbilie panga. Fungua mafundo, utoe kilichozidi, uijaribu tena. Mara nyingi kazi nzuri imo ndani ya ile iliyoharibika, inakungoja upunguze.

Nenda basi, mwanangu. Mungu aliyewaongoza babu zako kwenye vilima hivi aiongoze mikono yako. Akupe kazi isiyokauka na jina jema midomoni mwa watu. Waliochoka wapumzike kwa sababu yako, na walionyamaza wapate pa kukaa waseme. Na siku miguu yako nawe itakapokataa, kwa maana itakataa, awepo kijana mmoja aliyeuliza wewe ni nani kabla hajakuandalia mahali. Amina.