Siku Nilipomsajili Mama Mkwe Kubeti

Jamani, mtu akitaja kubeti mbele yangu huwa nainama najifanya nafunga kamba za viatu, hata kama nimevaa ndala, maana aibu niliyoipata kwa kubeti sikuipata hata siku ile nilipoanguka na rundo la mabegi katikati ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo nzima ikanipigia makofi. Ile ya mabegi ilikuwa yangu peke yangu, nilijifuta vumbi nikaendelea na safari. Hii nilimvika mtu mwingine, tena mtu aliyenitendea wema, ndiyo maana hata nikiwasimulia mkacheka, mimi mwenyewe kicheko hakifiki mwisho.

Kwanza mnifahamu vizuri. Mimi kwetu Masasi, hapa mjini nauza mabegi ya shule, na nimeoa Ilala kwa watu wa siku nyingi. Mimi na mke wangu Rehema tunakaa chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, Bi Mwanaidi (najua mnachotaka kusema, mwanaume mzima kukaa ukweni, semeni tu, nimeshazoea). Bi Mwanaidi ni mtu wa sala zake tano na sauti ya chini, na ndiye aliyekuwa anashika mkoba wa chama cha kufa na kuzikana cha kina mama wa mtaani. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanakuja, wanatandika mikeka uani, wanasoma Yasini, wanatoa michango yao, halafu mkoba unalala kwake. Mkiona ni jambo dogo, mjue kwamba mtu akifiwa usiku wa manane mlango unaogongwa ni wa mwenye mkoba, na sanda inapatikana kabla ya alfajiri, bila maswali. Mtu wa kushika kitu hicho hachaguliwi kwa kura, watu wanamwangalia miaka kwanza.

Sasa njooni kwenye laini yangu ya simu. Wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipokuwa zinafungwa, mimi kitambulisho cha taifa sikuwa nacho (nilijiandikisha, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri mpaka nikasahau kuwa nasubiri), na wateja wangu wote walikuwa kwenye namba ile. Bi Mwanaidi aliponiona nimekaa kizingitini nimeshika tama akasema, "Inuka twende, mwanangu. Kidole si ninacho?" Tukaenda kwa wakala wa mwavuli pale Ilala. Akaweka dole gumba, mashine ikagoma, akalifuta kwa khanga, ikagoma tena, maana vidole vya mtu aliyefua na kukuna nazi maisha yake yote mistari imeshalika, na yeye hakuchoka, alisimama kwenye jua lile anajaribu kimoja baada ya kingine mpaka mashine ikakubali. Basi namba yangu kwa maandishi ikawa ya kwake. Wakati wa kurudi akanitania, "Usije ukaniletea polisi tu," tukacheka.

Polisi sikumletea, nilimletea kubwa zaidi.

Jirani yangu wa meza sokoni anaitwa Chande, anauza kava za simu, na mdomo anao. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, mabegi hayatoki, nimekaa nahesabu wapita njia, akaniambia, "Oya, unakaa kinyonge hivyo wakati wenzako wanapiga hela kwenye simu? Jisajili, weka hata buku tano. Wiki hii wapya wote wanaoweka hela wanaingia kwenye droo, kuna TV pana kama mlango."

"Mimi mambo ya kamari siyawezi, bwana."

"Nani kasema kamari? Huku ni kubashiri. We si unaujua mpira?"

Hapo akawa amenipata. Mwanaume wa mji huu ukishamwambia anaujua mpira, umemaliza kazi, hata umwambie aruke ukuta ataruka. Nikafungua ile tovuti, nikaandika namba, nikaandika jina langu, Hamisi na la baba yangu, nikabonyeza. Ukaja ujumbe mwekundu kwamba jina halifanani na la mwenye laini, na nikishinda sitaweza kutoa pesa. Na mimi, jamani, nilikuwa na nafasi ya kuishia pale pale. Nikamtazama Chande, Chande akasema, "Andika la mwenye laini. Nani atakuja kuangalia?" Nikafuta Hamisi nikaandika jina la mama mkwe wangu kamili, la baba yake na la babu yake, kwenye jinsia nikabonyeza mwanamke, kwenye makazi nikaandika Ilala na mtaa wetu, kama vile naandikisha mtoto shule. Nikaweka elfu tano, nikapiga namba ya siri, ukarudi ujumbe: "Ndugu Mwanaidi, umefanikiwa." Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikachagua mechi saba, na timu niliyoitegemea kuliko zote ikafungwa kabla chai yangu haijapoa. Elfu tano ikaenda. Nikasema basi, nimejifunza, yameisha.

Kumbe hayajaisha. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na binti mwenye sauti tamu, anamuuliza Bi Mwanaidi. Nikashtuka nikasema mimi ni mwanawe. Akasema, "Hongera kaka, mama ameshinda TV kwenye droo yetu! Tunamhitaji ofisini na kitambulisho chake tumpige picha." Picha! Sasa mtu mwenye akili timamu angesema ukweli au angekata simu, lakini mimi nilishaiona ile TV ukutani, nikasema mama anaumwa miguu, hawezi kutoka. (Bi Mwanaidi hutembea kwa miguu mpaka Buguruni kununua samaki na kurudi, wala hahemi.) Yule binti akafurahi kupita kiasi: "Ooh, pole yake! Basi kaka, sisi ndio tutamfuata nyumbani!" Nikauliza mnakuja wangapi, akasema wawili watatu tu, Alhamisi saa nane mchana. Nikapiga hesabu zangu: kina mama wanaanza kufika saa kumi, hawa saa nane nitawapokea kona ya barabarani, nitawaambia mama amelala, nitapokea mzigo, halafu mama mkwe nitamwambia ni bahati nasibu ya kampuni ya simu. Nilijiona mjanja kweli.

Alhamisi nikafunga meza mapema, nikaenda kusimama kona. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Nikapiga ile namba, haipokelewi. Adhana ya alasiri ikalia, naona kina mama wa kwanza wanaingia nyumbani na khanga zao, wananisalimia, mimi naitikia huku jasho linanitoka, nikajipa moyo kwamba hawaji tena. Ghafla nikasikia muziki. Haukutoka barabarani nilikokuwa naangalia, umetokea mtaa wa nyuma, na unapiga kiasi kwamba mabati yanatetemeka.

Nilikimbia jamani, ndala moja sijui niliiacha wapi. Nafika getini nakuta kirikuu ya mizigo imeegeshwa mlangoni, spika mbili nyuma, wasichana wa fulana za kampuni wanacheza, watoto wa mtaa mzima wameshajaa, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti ameingia mpaka uani, katikati ya kina mama waliokaa mikekani na misahafu mikononi.

"Yuko wapi Mama Mwanaidi? Mama wa nguvuuu! Kajisajili mwenyewe, kaweka mzigo mwenyewe, wiki hiihii kashinda! Nani alisema kubeti ni kwa vijana tu?"

Muziki ukazimwa. Nilitamani usingezimwa, maana sasa kila neno lilisikika. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa na mkoba mapajani. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Umepotea nyumba, mwanangu. Hapa hakuna mcheza kamari."

"Hatujapotea, bi mkubwa! Jina lako, mtaa wako, tunayo yote, na watoto wa mtaa ndio wametuleta mpaka mlangoni. Ngoja tukuhakikishie." Akatoa simu, akapiga ile namba.

Ikalia mfukoni mwangu, mimi nimesimama getini na ndala moja. Tena mlio wenyewe nilikuwa nimeweka singeli.

Vichwa vyote vikageuka. Mikono yangu ikawa haijui mfuko uko wapi, singeli inaendelea kutwanga, na yule kijana anashangilia, "Hiyooo! Inalia humu humu!" Bi Mwanaidi aliniangalia. Akaiangalia suruali yangu inayolia. Halafu akaniangalia tena usoni, akakaa hivyo. Nilijua neno la kusema. Lilikuwa neno moja tu, "Ni mimi," na hata mtoto angeweza kulisema. Sikulisema, nikaendelea kuupapasa mfuko.

Bi Tatu, mwenyekiti wao, mwanamke mnene asiyeogopa mtu, akauliza, "Mwanaidi, namba hiyo ni yako?"

"Ni yangu," Bi Mwanaidi akasema. "Niliisajili mwenyewe kwa kidole changu."

"Na hii kamari?"

Alisubiri. Naapa alisubiri. Kisha akasema, "Namba ni yangu, Tatu. Mengine ni ya nyumbani kwangu." Akamgeukia yule kijana: "Baba, chukua televisheni yako uende nayo. Sisi tunataka kusoma."

Wakaondoka wamenuna, lakini video walikuwa wameshachukua, na kabla ya magharibi ilikuwa imeshafika kwenye simu za Ilala nzima na kwa Chande sokoni. Mle uani Yasini ilisomwa, sauti zimepoa. Walipomaliza Bi Tatu akajikohoza, akasema, "Si kwa ubaya, Mwanaidi, lakini watu wamesikia, na sisi tuna fedha za watu humo ndani. Bora tuzihesabu." Bi Mwanaidi akasukuma mkoba mbele. Wakahesabu mkekani, kina mama wanne, mara mbili. Zilitimia, hakikupungua hata kipande cha mia. Bi Tatu akataka kuurudisha mkoba, Bi Mwanaidi akaukunja mkono wake chini ya khanga. "Zimetimia, alhamdulillahi," akasema. "Sasa mtafuteni mwingine."

Rehema hakunisemesha siku ile wala ya pili, na ningekuwa yeye nisingejisemesha pia. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nilimkuta mama mkwe wangu anachambua mchele uani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Nikapiga magoti pale pale mchangani, nikasema yote, Chande, elfu tano, jinsia mwanamke, miguu inayouma. Nilipofika kwenye miguu akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka.

"Nilijua tangu ilipolia," akasema. "Unadhani sikuwa na maneno? Nilinyamaza ili useme wewe. Ningekutaja mimi, ungekuwa mkwe aliyefedheheshwa na mama mkwe. Ungesema mwenyewe, ungekuwa mwanaume aliyekosea. Nikakungoja."

Wenzangu, nimeshatukanwa Kariakoo na wateja wa kila namna, na hakuna tusi lililowahi kuniingia kama hilo neno nikakungoja. Nililia, na siwafichi.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda mwenyewe mbele ya wale kina mama nikasimama pembeni ya mikeka, nikaeleza kuanzia mwanzo. Wengine walicheka, hasa pale kwenye jinsia. Bi Tatu alinisema mpaka nikajiona nimekuwa mfupi, kisha akabeba mkoba mwenyewe, akampelekea Bi Mwanaidi, akasema, "Tumekukosea, dada. Shika mkoba wako."

Bi Mwanaidi hakuupokea. "Miaka yote nimekaa nao," akasema, "hamkuwahi kuuhesabu kwa kunishuku. Sina kinyongo na mtu. Lakini mkoba huo sasa mmeshajua kuuhesabu, na mimi sitaki kuwa nasikiliza vidole vyenu kila Alhamisi."

Mkoba ukaenda kwa mama mwingine, mtu mzuri tu, sina neno naye. Juzijuzi jirani mmoja alifiwa usiku, nikasikia watu wanakimbia uchochoroni, wakaupita mlango wetu wakaenda kugonga kwingine. Bi Mwanaidi alikuwa ameshaamka, nikamwona kwa dirisha amesimama uani amejifunga khanga, tayari, anasikiliza hatua zinavyokwenda mbali.

Kubeti nimeacha, hilo wala si la kujisifia, hata Chande siku hizi akianza naondoka mezani. Kitambulisho nimekifuatilia nimekipata, na laini nimesajili kwa jina langu mwenyewe. Nimeapa kwamba jina la mtu sitaligusa tena, hata kwa utani, hata kwa buku, na siku nikikosea tena, maana binadamu hukosea, nitasema pale pale wakati bado kuna mtu ananingoja niseme.