Bandari Nilizozipita

Enzi za Mwingereza nilikuwa yaya kwa meneja wa shamba la mkonge, Korogwe. Mke wake alipokwenda kwao likizo kwa meli, alinichukua nimlee mtoto. Kila bandari wazungu walishuka kutembea, wakarudi na mazulia na vicheko. Mimi nilibaki chumbani huko chini, mtoto akitapika, nami nikihofia kufa na kutupwa majini, mbali na makaburi ya kwetu.

Niliporudi kwetu Handeni, shangazi aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza kwa hamu, “Haya mwanangu, nchi za watu zikoje?”

“Kuna joto, shangazi.”

“Basi?”

“Basi.”

Alininunia siku nyingi, akidhani namficha.