Kuhama Wiki ya Krismasi

Sisi watu wa Kilimanjaro tuna ugonjwa mmoja ambao Arusha nzima inaujua. Ikifika wiki ya Krismasi tunafunga maduka, tunajaza mchele na soda kwenye magari, tunaelekea kwetu. Mji unabaki mweupe, hata foleni ya soko la Kilombero inakwisha. Nimezaliwa ndani ya ugonjwa huo, dalili zake zote nazijua, na bado nikachagua wiki hiyohiyo kuhama nyumba.

Kusema nilichagua ni kujipa sifa. Aliyeniuzia naye ni Mchaga, na aliniambia waziwazi kwamba Jumatatu anaondoka kwenda nyumbani, kwa hiyo nichukue funguo kabla au tuonane Januari. Baba mwenye nyumba wangu wa Levolosi naye alikwisha kuahidi vyumba vyangu kwa mpangaji mwingine, mwaka mpya aanze navyo. Nikachukua funguo.

Nyumba yenyewe iko Sombetini. Ina vyumba vitatu, bati la kijani, na uzio ambao nusu ni matofali na nusu ni michongoma. Dalali aliisifia mpaka nikaanza kuitilia shaka. Alisema maji hayakatiki, barabara inapitika mvua hata jua, na ukisimama dirisha la jikoni unauona Mlima Meru. La mlima lilikuwa kweli.

Siku ya mauziano, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti aliniangalia, akaangalia mlango, akaniangalia tena.

"Mzee amefika, tuanze?"

"Mzee gani?"

"Mzee wako, anayenunua nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi, mwenyekiti. Tuanze."

Aliwageukia majirani waliokuja kushuhudia mipaka, akidhani watamsaidia. Mmoja akamsogezea kalamu, akafungua kikao. Nauza ndoo, mabeseni na masufuria mjini kwa miaka mingi sasa. Sijaolewa, na sikuona kwa nini nyumba isubiri harusi.

Lakini kilichonisukuma kununua hakikutoka mjini, kilitoka kwetu Marangu. Krismasi iliyotangulia nilifika nyumbani na mizigo yangu, nikafungua chumba changu, nikakuta magunia ya mahindi yamepangwa mpaka dirishani. Kitanda kimesimamishwa ukutani. Kihamba, yaani shamba la migomba la baba pamoja na nyumba iliyomo, alirithi kaka yangu. Hilo sina ugomvi nalo, ndivyo kwetu inavyokwenda. Ila yale magunia yaliniuma kuliko nilivyotarajia. Nililala kwenye kochi la sebuleni, na asubuhi watoto wa kaka walikuwa wananiruka kwenda kuwasha televisheni. Hakuna aliyesema lolote, na mimi kwa kiburi changu sikuuliza. Niliporudi Arusha nikamtafuta dalali.

Mama sikumwambia. Kwake nyumba ya mjini ni pa kulala siku za kazi, nyumbani ni kwenye migomba. Nilitaka aje siku moja, aingie, akae, akubali kwamba na mimi nina kwangu. Nilitaka hilo kuliko hata hati ya nyumba, na niliogopa kwamba hatakanyaga.

Akapiga yeye mwenyewe.

"Unakuja lini? Wenzako wote wamefika."

"Nitakuja, Mama, ila nimalize kwanza kuhama."

"Unahamia wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nimenunua nyumba."



"Nyumbani kwako ni huku," alisema, akakata simu.

Basi nikahama hivyohivyo. Nilimpigia mwenye gari dogo la kirikuu ninayemtumia kwa mizigo ya dukani, nikamkuta Rombo. Fundi bomba alipokea katikati ya kelele za watu na kuniambia, "Dada, niko Machame, tunachoma ndafu, mbuzi mzima, tuongee mwakani." Fundi umeme hakupokea kabisa, na sikumlaumu. Wote ni watu wa kwetu. Miaka yote nilikuwa najivunia kwamba kila fundi wangu ni wa nyumbani, kumbe nimejichimbia shimo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mwarusha mwenye lori la kusombea majani ya ng'ombe huko Ngaramtoni. Alikuja na binamu yake wa kusaidia kubeba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kuangalia kabati na magodoro yangu yaliyopangwa uani.

"Mama, wewe si Mchaga?"

"Ni Mchaga."

"Sasa mbona uko hapa? Unaumwa?"

"Nahama, mzee."

"Mchaga anahama Krismasi!" Alicheka mpaka akashika bodi ya lori asianguke. "Hii lazima nikawahadithie kwangu."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Ni kweli ilikuwa inachekesha. Tulipakia, tukavuka mji uliokuwa mtupu, na tulipokaribia nyumba lori likazama kwenye tope la barabara inayopitika mvua hata jua. Mizigo tuliibeba kichwani. Mzee alibeba kioo changu cha kuvalia, kila baada ya hatua chache anasimama kujitazama na kurekebisha kofia. Magodoro yalinuka ng'ombe mpaka Pasaka.

Maji nayo yakakatika siku hiyohiyo. Bomba la kuingilia lilikuwa limepasuka kwenye maungio, na kila anayejua kuliunga alikuwa anakula nyama Kilimanjaro. Muuza ndoo mimi, nyumba imejaa ndoo za kila rangi, na hakuna hata moja yenye maji. Nilinunua kwa jirani, nikachota, nikapiga deki vyumba vyote peke yangu.

Krismasi nilisali usharika wa jirani, ambako sikumjua mtu. Nusu ya mabenchi yalikuwa wazi. Nikarudi, nikapika wali, nikakaa kwenye boksi la masufuria kwa sababu viti vilikuwa bado vimefungwa kamba. Nilimpigia Mama, hakupokea. Nikampigia kaka, akasema Mama yuko sawa, yuko jikoni, atapiga. Hakupiga. Nililia siku ile, na wali ukapoa.

Januari ilipokuwa inaelekea ukingoni, simu ikaita asubuhi niko dukani.

"Nipo stendi," alisema Mama. "Nielekeze hiyo nyumba yako."

Nilifunga duka nikamkimbilia. Alikuwa na mkoba wake wa nguo na mkungu wa ndizi mshare, na uso ameukaza. Njia nzima tuliongea habari za mvua. Tulipofika hakukaa. Alizunguka nyumba yote akifungua na kufunga, mithili ya fundi aliyeitwa kukagua. Mlango wa nyuma unakwama. Jiko limeelekea barabarani, kila mpita njia ataona unachopika. Dari ni ya chini. Maji ya huku yana chumvi na yataharibu meno. Kwa nini hakuna mgomba hata mmoja? Na watu wa huku wanasemaje, mwanamke peke yake kwenye vyumba vitatu?

Nilivumilia mpaka tukamenya ndizi, mpaka tukala. Aliposema mara nyingine kwamba angalau kule nyumbani nina mahali pangu, nikashindwa.

"Mahali gani, Mama? Chumba changu kina magunia ya mahindi. Nililala kwenye kochi, na wewe uliniona."

Aliweka sahani chini.

"Magunia niliyaweka mimi," alisema.

"Wewe?"

"Wifi yako alitaka chumba kile kiwe cha watoto. Akanifuata mara ya kwanza, akanifuata mara ya pili. Ana haki, watoto wanabanana. Lakini mtoto akishapewa kitanda, utamtoa vipi? Gunia unalitoa siku yoyote. Nikajaza mahindi mpaka dirishani. Ningeyatoa kwa siku mbili za Krismasi, ukiondoka tu watoto wangeingia. Nilisema siku utakayorudi moja kwa moja, nitayatoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuuliza?"

Mwaka mzima nilikuwa nimemchukia kila mtu kule kwa ajili ya chumba ambacho mama yangu alikuwa anakilinda kwa mahindi. Nilimwomba samahani nikilia. Hakunibembeleza, si kawaida yake. Alisema tu kwamba dari ni ya chini lakini haivuji, kisha akaniomba nimpigie kaka.

Aliongea naye Kichaga, kwa sauti ya juu kama anavyoongea siku zote kwenye simu. Alimwambia atoe mahindi, wawape watoto kile chumba. Kaka aliuliza jambo, sikulisikia. Mama akamjibu, "Huyu ana kwake. Mimi nimepaona."

Kusikia hivyo nilifurahi, na papo hapo nikaumia, maana chumba changu cha Marangu ndiyo kwanza kilikuwa kimekwenda. Niliinuka nikaosha vyombo ambavyo vingeweza kusubiri kesho.

Baadaye nilichukua mkoba wake, nikafungua mlango wa chumba cha mbele nilichokuwa nimekitandika vizuri, shuka mpya, chandarua kipya.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Cha wageni, Mama."

Alichungulia, akaipapasa shuka, akasema ni nzuri.

"Basi wakija walale," alisema. Akaninyang'anya mkoba, akaenda nao chumbani kwangu, na nilipoingia alikuwa ameshalala kitandani mwangu, upande wa ukutani.