Nimemfanya Mteja Wangu Aamini Akili Yake Ndiyo Mbovu

Admin, naomba usiweke jina langu wala la kituo ninachofanyia kazi. Jina la Boke nimelibuni.

Mimi ni mama wa miaka 34, Mrundi. Nilikuja Nyangoto na mume wangu wa kwanza kutafuta dhahabu. Hatukumaliza mwaka, kifusi kikamfunika ndani ya duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu. Sikulia. Niliacha tu kuongea, nikawa nakaa nje ya chumba tulichopanga hata mvua ikinyesha. Mwenye nyumba akanifunga kamba miguuni, akisema nitamletea mkosi. Watu walipita wakicheka: "Mrundi kichaa!"

Aliyenifungua ni muuguzi mmoja wa zahanati. Alikuja kila siku, anakaa chini na mimi, haniulizi chochote. Siku ya tisa hivi nikamtajia jina la marehemu. Hapo ndipo nilijua na mimi nataka kufanya kazi gani. Ilichukua miaka. Vyeti vyangu vya sekondari vilikuwa vya Kifaransa, Kiswahili changu watu walikicheka. Nikaolewa tena na mwanaume wa Kerende, Mkurya, ndoa ya kimila, na kibali changu cha kuishi nchini kikapitia kwake. Nikaenda Mwanza kusomea ushauri nasaha, nikahitimu, nikaajiriwa. Siku ya kwanza kuitwa "madam mshauri" nilijifungia chooni nikalia.

Mwaka huu nikampata Boke, mwanamke wa miaka 23 aliyejifungua mtoto wa kwanza. Hapati usingizi, hagusi chakula, anamtazama mtoto kama wa jirani. Wiki ya nne akanieleza: "Dada, kuna siku nilimbeba hadi mtoni. Nilitaka nimwache kwenye majani niondoke. Nikashindwa, nikarudi naye. Usimwambie mtu." Nikamwapia. Na alikuwa anapona jamani, alishaanza hata kumwimbia.

Kabati la ofisini halina kufuli, hivyo daftari langu nilikuwa narudi nalo nyumbani. Mume wangu ana wivu. Alilifungua akitafuta majina ya wanaume, akakuta habari za Boke. Akaenda kuzisimulia kilabuni kwenye pombe, wakacheka. Hazikupita siku tatu, mama mkwe wa Boke akaja na mabinti zake, wakamnyang'anya mtoto akiwa ananyonya, wakampeleka Issenye kwa ndugu zao. Walimwambia tu, "Kijiji kizima kinajua ulichotaka kufanya mtoni."

Boke akanijia maziwa yamelowanisha gauni. Hakunifokea. Aliniuliza, "Dada, nani kawaambia? Mimi nilikwambia wewe peke yako."

Hapa ndipo naona aibu kuandika. Nilimtazama usoni, nikatumia ile sauti ya upole tuliyofundishwa chuoni, nikamwambia, "Boke, hali uliyokuwa nayo humfanya mtu aseme mambo halafu asikumbuke. Huenda ulimwambia mtu wewe mwenyewe."

Akaanza kuhesabu siku kwa vidole, anatafuta ni lini alisema. Mwisho akaniambia, "Basi nisamehe dada. Nilikuwa nimeshaanza kukushuku."

Na mimi nikamsamehe! Nilimwambia, "Usijali."

Nilipomkabili mume wangu hakukana. "Kwani nimesema uongo? Mtu atake kutupa mtoto, ukoo usijue?" Nikamwambia nitaeleza ukweli. Akacheka. "Eleza. Kibali chako nimekishika mimi, wewe Mrundi. Nikienda Uhamiaji nikasema sikutambui, utavuka mpaka na nguo za mwilini, na wanangu watabaki hapa." Tuna watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Namjua mume wangu, hatanii.

Boke sasa hajiamini kwa lolote. Akiweka sufuria mahali, anaita jirani ashuhudie kwamba ameiweka pale. Juzi alimwambia mumewe kwa mdomo wake kwamba siku hizi anasema vitu na hakumbuki, na mumewe akakimbilia kwa wazee kuwaambia. Ijumaa hii wazee wa ukoo wanakaa kuamua kama atarudishiwa mtoto au mtoto abaki Issenye moja kwa moja. Wameniita mimi kama mtaalamu, nikawaeleze kama akili yake imetulia. Nikisema imetulia, watauliza mbona mwenyewe kakiri hakumbuki anayoyasema. Jibu la hilo ninalo mimi na mume wangu tu, na yeye ni wa ukoo huohuo, atakuwa amekaa palepale ananitazama.

Jana Boke alikuja na mayai sita, zawadi ya kunishukuru kwa kukubali kwenda. Akanishika mkono, akasema haogopi kikao kwa sababu nitakuwepo, na kwamba katika watu wote hapa ni mimi peke yangu ambaye sijawahi kumdanganya.

Ndugu zangu, nitukaneni mnavyotaka, nastahili. Ila mkimaliza mniambie: Ijumaa nikisimama mbele ya wale wazee, niseme nini?