Siku Niliyonukia Msiba Kwenye Posa Yangu

Aibu hii mtaa wetu mzima pale Usagara wanaijua, na kila anayeihadithia anaongeza chumvi yake, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe niliyeaibika kabla haijaota mapembe zaidi.

Mimi ni daktari, nasomea uchunguzi wa vifo, yaani mtu akifa na haijulikani kafa na nini, sisi ndio tunaomfungua tukamtafutia jibu. Kazi naipenda. Mama yangu naye anaipenda, mradi isitajwe, na watu wa Hamadi walipoleta habari ya kuniposa akawaambia mwanawe ni daktari wa watoto. Nikanyamaza. (Hamadi alikuwa anaujua ukweli, naye akanyamaza, ndiyo maana nasema tuliendana.)

Jumamosi ya kutazamwa na wakwe nikajifanya mjanja, nikaenda kazini asubuhi, nikisema saa sita nitakuwa nyumbani. Saa tano polisi wakaleta marehemu kutoka njia ya Horohoro, na mwalimu wangu akaniambia, "Leo kisu unashika wewe," mimi ambaye miezi yote ile kazi yangu ilikuwa kushona tu wakubwa wakishamaliza, sasa ningekataaje? Tulipotoka ilikuwa saa tisa na nusu.

Ile harufu, jamani, inakaa kwenye nywele. Nikaoga palepale, nikasugua, na kwenye kabati la chumba cha kuoshea nikaona chupa ya marashi isiyo na karatasi wala jina. Nikanusa, sisikii kitu (tangu asubuhi nilikuwa nimejipaka puani dawa ya kuchua ya kopo dogo, wote tunafanya hivyo ili tuvumilie, kwa hiyo pua yangu siku hiyo ilikuwa pambo tu), nikaona marashi yenyewe mepesi, nikajimiminia kichwani, shingoni, mpaka kwenye mtandio. Dereva wa bajaji aliponitazama kwenye kioo akazima muziki, akasema, "Pole sana, dada." Nikamwambia asante, nikidhani uchovu umenikaa usoni.

Ukumbini walikuwepo shangazi yake Hamadi, Bi Zuhura, na bibi yake, Bi Mwanaidi, Mpemba wa Ngamiani, kimya, tambuu shavuni. Nikaingia na sinia la sharubati, macho chini kama nilivyofundishwa, nikapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akauvuta mtandio wangu, akaunusa pembe. "N'ambie. Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi."

"Hii karafuu maiti, wanayopakwa wafu. Mie muosha maiti mwaka wa thelathini huu, hunifichi."

Sasa kaka yake Bi Zuhura, Mzee Faki, ami yake Hamadi, alikuwa amelazwa hospitali yetu hiyohiyo, kapasuliwa ngiri. Bi Zuhura akaunganisha mwenyewe: daktari katoka hospitali, ananuka maiti, macho chini, hasemi. Akaangua kilio. Na kwetu kilio kikisikika hakuna anayeuliza mara mbili. Jirani wa kushoto akaja na mikeka, wa kulia akateleka sufuria la wali, barazani baba yangu na wajomba wa Hamadi wakaanza kujadiliana kaburi lichimbwe wapi, mtu keshatumwa msikitini kufuata jeneza, na mimi nimesimama na sinia nasema "jamani, jamani" na hakuna anayenisikia.

Mjomba mmoja akapiga simu ya marehemu, akitaraji kuongea na muuguzi. Akapokea marehemu mwenyewe.

"Nimekufa saa ngapi?" akauliza Mzee Faki. "Maana hapa nakunywa uji."

Macho yote ukumbini yakanigeukia mimi.

"Daktari wa watoto na karafuu maiti wapi na wapi?" akauliza Bi Mwanaidi.

Mama akanitolea macho. Nikajua posa ndiyo hiyo inaondoka, na niliumia kwelikweli, kwa sababu Hamadi nampenda, lakini nikaona nikidanganya leo nitadanganya mpaka uzeeni. Nikasema yote: kisu, chupa, dawa ya puani. Bi Zuhura akasogeza kiti chake nyuma. Bi Mwanaidi akatafuna kwanza.

"Mnapowafungua, mnawasitiri?"

"Tunawasitiri, Bibi. Pasipo na kazi hatupafunui. Na kushona nashona mimi, nashona vizuri, maana najua wanakuja kwenu."

Akanishika mkono, akaugeuza, akatazama vidole.

"Zamani wakituletea maiti kashonwa kama gunia la mkaa," akamwambia Bi Zuhura. "Mwaka huu mshono umetulia, nikawa nauliza waoshaji wenzangu, ni nani huyu anayetuhurumia? Kumbe ni mkwe wangu."

Ule wali wa msiba tukaulia posa. Mzee Faki alikuja harusini kwa miguu yake, akataka apewe kiti cha mbele, ati yeye ndiye aliyekufa.

Nami tangu siku hiyo chupa isiyo na jina siigusi, hata niambiwe imetoka Makka. Na mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namjibu kabla hajakaa.