Chupa Nne na Karatasi Nyeupe

Geoffrey Okedi alikuwa na sharti moja katika gereji yake ya Malaba, na hakumlegezea mtu: gari la turbo halitoki langoni kabla mwenye gari hajaziona chupa nne na karatasi nyeupe kwa macho yake mwenyewe. Uwe mfanyabiashara, uwe padri, uwe kijana mwenye haraka, utavutiwa kiti, utaketi, utatazama. Asiyetaka kutazama alirudishiwa ufunguo.

Chupa zilikuwa za soda, za kioo, zimepangwa kwenye kibao. Okedi alifungua injekta za gari, yaani vile vidomo vinavyonyunyiza petroli ndani ya injini, akasimamisha kila kimoja juu ya chupa yake, kisha akawasha pampu. Petroli ilinyunyizika kama manyunyu ya asubuhi. Akizima, alivuta uzi mwekundu mbele ya chupa zote. Kama petroli ilifika kwenye uzi katika chupa tatu na ya nne ikabaki chini, hata kwa unene wa kucha, kazi ilianza upya. Ndipo ikaja zamu ya karatasi. Alidondosha juu yake tone la petroli iliyokuwa ndani ya tangi, akaipunga hewani. Petroli safi huruka hewani ikakauka, karatasi ikabaki ilivyokuwa. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huacha duara la uchafu wa mafuta, na duara hilo halikauki hata upunge mpaka mkono uchoke.

"Fundi, mimi nakuamini tu," wateja walimwambia wakitazama saa.

"Usiniamini. Tazama."

Wengine walimwona mwenye kiburi. Hakuwa na kiburi, alikuwa na kumbukumbu. Alijifunza kazi akiwa kijana, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda, akifungua pampu za dizeli na nozo zake za kunyunyizia kando ya barabara. Baadaye, magari madogo ya turbo yalipoanza kujaa mpakani, aliletewa Subaru moja ikivutwa kwa kamba. Fundi mwingine alikuwa ameiongezea nguvu ya turbo bila kugusa upande wa petroli. Okedi alipofungua injini alikuta pistoni imetoboka tundu la kupitisha kidole. Mwenye gari, mwalimu aliyeitegemea kwa safari zake zote, alilitazama tundu lile kama mtu anayetazama maiti ya jamaa yake. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha lolote. Tangu siku hiyo Okedi alisema kwamba kazi inayofanywa gizani ni wizi, hata kama fundi hakuiba kitu.

Turbo yenyewe ni feni inayozungushwa na moshi wa gari, nayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta. Hewa ikiongezeka, petroli sharti iongezeke pia. Okedi aliwaeleza vijana kwa mfano wa jiko: ukipuliza makaa machache kwa nguvu, yatawaka mekundu ya kupendeza, na kabla ugali haujaiva umebaki na majivu na sufuria iliyotoboka. Vijana walicheka, lakini walielewa. Wale waliotaka gari la kushindana usiku kwenye barabara kuu, katikati ya matrela, aliwafukuza wote. Hakuwafukuza kwa upole.

Gari lake mwenyewe alilijenga kwa utaratibu uleule. Lilikuwa Subaru kuukuu ya bluu, mlango mmoja mweupe, iliyotupwa nyuma ya duka la vipuri mjini Busia. Kabla hajaongeza chochote kwenye turbo aliingiza pampu kubwa ndani ya tangi, akabadilisha laini nyembamba, yaani mabomba ya kupitishia petroli, kwa laini pana, akaweka injekta zenye kinywa kikubwa na kidhibiti kipya cha mgandamizo wa petroli. Brendah, binti yake wa pekee, aliyesomea umeme wa magari katika chuo cha ufundi, ndiye aliyeifundisha upya kompyuta ya gari, laptopu mapajani, baba yake kwenye usukani. Kazi hiyo waliifanyia kwenye uwanja wa changarawe nyekundu ya murram karibu na Adungosi, shamba la zamani la pamba ambalo mwenye shamba aliwaruhusu kulitumia. Kipimo kilichochomekwa kwenye bomba la moshi kiliwaonyesha kama injini imeshiba petroli au ina njaa. Wakiongeza upepo kidogo, walisimama, wakazima, wakatoa plagi, ile inayowasha petroli kwa cheche, na kutazama rangi yake. Nyeupe ilikuwa njaa. Nyeusi ilikuwa ulafi. Walitaka rangi ya biskuti, na hawakuongeza tena mpaka waipate.

"Baba, kwa mwendo huu tutamaliza nikiwa bibi."

"Utakuwa bibi mwenye injini nzima."

Uwanja ule ndio ambao baadaye ulichaguliwa kwa mashindano ya magari. Madereva walikuja kutoka Eldoret, Kisumu na hata Mbale. Kila gari lingezunguka mara tatu, kila mzunguko ukipimwa kwa saa, na kombe lingekwenda kwa mwenye jumla ndogo ya nyakati zote tatu. Hakuna gari lililojengwa Malaba wala Busia lililowahi kushika kombe kama hilo. Okedi angekuwa wa kwanza kulileta, na dereva wake angekuwa Brendah.

Watu wa Malaba walijaa uwanjani tangu asubuhi. Kina mama wa soko walifunga biashara. Okedi alipopanga chupa zake juu ya boneti ili wenzake waone injekta zake, dereva mmoja wa Eldoret alipiga mluzi.

"Boss, hapa tunakimbiza magari ama tunauza soda?"

"Nipe fanta baridi!" mwenzake wa Eldoret akadakia, na watu wakaangua kicheko.

"Ya kwako itakuja na mrija," Okedi alijibu bila kuinua kichwa, akavuta uzi wake. Chupa nne, uzi mmoja, petroli imelala sawa kama maji ya beseni. Kicheko kilipungua. Yule wa Eldoret akasogea, akainama, akatazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. "Haki ya Mungu," akasema, "hiyo ni kitu."

Okedi alirudisha injekta mahali pake, akaenda kwenye meza ya Omuse, msimamizi wa mashindano, kuandikisha gari. Tangi lilikuwa na petroli kidogo tu ya kupasha injini joto. Iliyobaki alikuwa ameihifadhi kwenye pipa gerejini, aiagize ikikaribia zamu yao. Akiwa mezani alisikia vigelegele. Aligeuka, akamwona kaka yake.

Mathew Emong alikuwa amesimama kando ya gari la bluu akiwa na faneli na majerikeni yake ya njano, amevaa koti la kanisani. Alikuwa akijaza tangi mbele ya umati wote, tena kwa madaha, kama mtu anayemmiminia mgeni maji ya kunawa.

"Gari la ndugu yangu litakunywa kwangu!" alitangaza. "Leo kombe linalala Malaba!"

Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kila mtu mpakani alijua habari ya ndugu wale wawili. Baba yao alipofariki, Mathew aliacha masomo, akaanza kuvusha petroli ya magendo kwa baiskeli kupitia njia za vichakani, kisha kwa pikipiki, akiiuza kando ya barabara kwa chupa na jerikeni. Kwa petroli hiyo alimlisha mdogo wake, akamvisha, akamsomesha. Hakuwa na mtoto wa kiume, na siku ile alikuwa na fahari ya baba.

Okedi alifika pale polepole. Alimshukuru kaka yake kwa mikono miwili. Kisha akatoa karatasi nyeupe mfukoni.

Brendah aliona, akamshika mkono. "Baba," alinong'ona, "sio hapa. Sema tu pampu inavuja. Tutaimwaga, na baba mkubwa hatajua."

"Nimewaambia watu wangapi watazame?"

"Huyu si mteja."

"Ndiyo maana inauma," Okedi alisema.

Hapo ndipo wengi wetu tungedanganya, na tungeuita uongo wetu heshima. Okedi alijua kabisa kilichokuwa mbele yake. Petroli yenye mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati wake. Injini hugonga kama kokoto ndani ya kopo, na injini ya turbo ikigonga kwa kasi ile, pistoni haingoji mzunguko wa pili. Kama tone lingeacha duara, angelazimika kumwaga tangi, kusafisha laini na kuagiza petroli kutoka Malaba. Wangekosa mzunguko wa kwanza, na bila mizunguko mitatu hakuna kombe. Na kama angemwaga, angemwaga kwa neno la kweli, mbele ya mtu aliyemlea.

Alichovya kijiti ndani ya tangi, akadondosha tone, akapunga. Alipunga kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akaishusha karatasi kwenye jua, akamwonyesha kaka yake kama alivyomwonyesha kila mtu. Duara lilikuwa pale, limelowa.

"Hiyo ni nini?" Mathew aliuliza.

"Ni mafuta ya taa, kaka."

"Mimi sichanganyi."

"Sijasema unachanganya. Nasema imechanganywa."

"Nimenunua kwa mtu ninayemjua miaka yote."

"Umewahi kumwuliza?"

Mathew aliigeuza faneli mkononi. Watu walikuwa wamesogea karibu, hata wale wa fanta. Mtu asiyechanganya na mtu asiyeuliza hukaa nyumba moja, na pale uwanjani kila mmoja alijua nani anaishi humo, maana nusu yao walikuwa wateja wa Mathew.

"Punguza turbo, Baba," Brendah alisema. "Niendeshe polepole, nimalize tu. Kila mtu atafurahi."

"Nikupe gari ambalo najua linakuhadaa, uliendeshe na roho yako ndani? Hapana. Leta bomba."

Walimwaga. Okedi alirudisha petroli yote ndani ya majerikeni ya kaka yake, hakupoteza hata kikombe, akafunga vifuniko na kuyapanga kando ya pikipiki ya Mathew. Hilo alilifanya kwa heshima. Mathew alilitazama kama tusi.

"Okedi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Hiyo shule uliyosoma ilinuka petroli hii hii."

"Najua, kaka. Ndiyo sababu naijua harufu yake."

Jibu lilitoka upesi kuliko alivyotaka. Lilikuwa la kweli, na hakulirudisha. Mathew alifunga majerikeni kwa mpira, akaondoka na koti lake la kanisani likipepea, na vumbi lake likakaa hewani muda mrefu.

Pipa lilipofika kutoka Malaba, mzunguko wa kwanza ulikuwa umekwisha. Omuse aliwaendea akiwa na kofia mkononi. "Fundi, mnajua kanuni. Mnaweza kuzunguka, lakini kwa kombe hamhesabiwi."

"Tutazunguka," Okedi alisema. Akafanya karatasi upya. Safari hii tone liliruka, likaacha weupe mtupu.

Brendah alifunga kofia yake ngumu. Katika mzunguko wake wa kwanza alilijaribu gari kama mtu anayeonja chai ya moto. Katika wa pili aliliachia. Gari la bluu lilitoka kwenye kona ya mwisho likiwa limelala upande, turbo ikilia mluzi mwembamba, injini ikivuta bila kukohoa, bila kugonga, imeshiba kutoka chini mpaka juu. Okedi hakutazama saa. Alifumba macho akasikiliza, na aliyemwona anasema alikuwa akitikisa kichwa kidogo kama mtu anayesikia kwaya ikishika sauti zote.

Omuse alisoma muda, akausoma tena, kisha akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, mzunguko wa kasi kuliko yote leo! Gari la Malaba! Dereva, Brendah Asio!"

Kina mama wa soko waliingia uwanjani bila ruhusa ya mtu. Madereva wa Mbale walipiga honi. Gari moja la turbo lililokuwa na muda bora kuliko wote katika mzunguko wa kwanza lilikuwa tayari limefungwa kamba likivutwa, moshi mweupe ukilitoka, na mwenye gari alipoulizwa alikojazia, alionyesha kidole upande wa barabara wanakouza petroli ya majerikeni. Kombe lilikwenda Eldoret. Yule aliyeomba fanta ndiye aliyelishika, na kabla hajapanda jukwaani alikuja akasema, "Fundi, hiki kikombe nimekiokota. Wiki ijayo naleta gari langu kwako. Niwekee kiti."

Okedi alitoa plagi moja ikiwa bado ya moto, akaigeuza kwenye kitambaa. Rangi ya biskuti. Alimpa Brendah aishike, naye akaishika akiwa analia na kucheka pamoja. Walirudi nyumbani ndani ya gari hilohilo, kwa mwendo wa kawaida, wakipisha baiskeli.

Leo magari hutoka hata Bungoma na Tororo kuja kukaa mbele ya chupa nne. Vijana wa Malaba wamejifunza kubeba karatasi mfukoni, na wapo wanaoitoa hata kwenye vituo vikubwa vya mafuta, bila aibu. Okedi ana haki ya kujivunia hilo, na hujivunia.

Mathew hajakanyaga gereji ile tena. Okedi alikwenda kwake mara kwa mara. Aliketishwa, akapewa chai, akajibiwa kwa salamu tu. Wakwe walipokuja kumposa Brendah, wazee wa ukoo waliacha kiti cha baba mkubwa mahali pake, kama desturi inavyotaka, na kiti hicho kilikaa wazi mpaka wageni wakaondoka. Karatasi ile nyeupe ilimgharimu Geoffrey Okedi kombe, ambalo hakulililia, na kaka wa pekee aliyekuwa naye.