Pepo wa Wayunani

Nikisikia harufu ya stovu ya mafuta ya taa iliyozimwa sasa hivi, nakiona tena chumba chetu cha mtaa wa Mbotela na pazia la maua lililotutenga na kitanda cha mjomba. Alikuwa ndugu mdogo wa mama, mwanafunzi wa chuo kikuu, na mama hakumwamini yeye wala vitabu vyake.

Jioni moja mjomba, kitabu kikiwa wazi mapajani, alituambia kwamba Wayunani wa kale waliamini kila mtu huzaliwa na pepo wake, anayeandamana naye hadi kufa.

"Pepo ni pepo," mama alisema, akisugua sufuria. "Yesu aliwafukuza. Hakuwauliza kwanza kama ni wazuri."

"Lakini dada, hao Wayunani hawakumjua Shetani. Kwao pepo aliweza kuwa mlinzi tu."

"Mlinzi ni malaika, na anatumwa na Mungu. Wewe mtoto, hebu toka hapo karibu na hicho kitabu."

Nilitoka, lakini macho yangu yalibaki kwenye kivuli cha mjomba ukutani. Nilitaka kuhakikisha ni kimoja.

Mama akazima stovu, moshi ukajaa chumbani. Kisha akauliza bila kugeuka, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia:

"Na huyo mlinzi wa mtoto wangu wa kwanza, siku ile alikuwa amelala?"

Mjomba akafunga kitabu polepole.

Nikaacha kukitazama kivuli, nikamtazama mama. Mpaka jioni ile, nilijua kifungua mimba wake ni mimi.